Mgao wa Leo

Kichwa cha Torvo kimekaa juu ya friji miaka ishirini na sita,
kauri ya kijani kama bamia iliyopitiliza motoni,
macho mekundu, antena moja imeungwa kwa gundi
tangu Krismasi ile ya paka.

Nani Torvo? Hapa Duluth tunaomkumbuka hatujazi meza.
Roboti mtunza ghala katika chombo kilichopotea
kati ya nyota zenye majina kama dawa za kikohozi.
Misimu miwili tu, kituo kikaifuta tamthilia
rubani akiwa bado nje, kamba yake imekatika.
Uliwaandikia barua, Wendell. Tatu. Kwa wino.
Hawakujibu.
Ukarudi nyumbani na mtungi huu wa biskuti, umeupakata kama mtoto.

Ukiinua utosi wake, mwanga ukaingia, hufoka:
"Simama, rubani! Mgao wa leo umekwisha!"
Sauti ya mtu aliye ndani ya ndoo.
Mchungaji Haugen alijimwagia kahawa.
Maren, miaka minne, alikuwa wa kwanza kugundua
kwamba gizani Torvo ni bubu.
Tulimkuta saa nane usiku, mashavu yamejaa, taa zote zimezimwa.

Kisha Dakta Sundqvist akazitaja zile namba za sukari,
nami nikasema sihitaji kukuchunga, ninaye askari.
Wiki ya kwanza nilikuwa chini, kwenye mashine ya kufulia,
nikamsikia akifoka mara mbili.
Nikapaza sauti: "Wendell!"
Ukajibu: "Nilikuwa namfuta vumbi."
Baada ya hapo, kimya.
Mwezi, mwaka, miaka sita ya kimya,
na mimi kanisani nikijisifu: mume wangu akiamua, ameamua.
Biskuti za tangawizi zilipungua, ndiyo.
Nikawasingizia wajukuu.

Wala si sukari iliyokuchukua. Ni theluji ya Februari,
na koleo, na ubishi wako.

Leo kijana mmoja wa Minneapolis amenipigia simu,
Tobin, ana sauti ya mtu anayelala kidogo.
Dola mia tatu, anasema, kama hana ufa.
Mia nne kama bado anaongea.
Nikaiweka simu kando ya sinki, nikainua utosi.
Hakuna kitu.
Nikabadilisha betri. Hakuna kitu.
Meli ya madini ikapiga honi huko darajani, ndefu,
nikangoja ipite, nikajaribu tena.
Basi nikaleta tochi.

Utepe mweusi wa fundi umeme, Wendell.
Umekatwa duara, mdogo kama kidonge,
umebandikwa juu ya kile kijicho kinachoonja mwanga,
kingo zimelainishwa kwa ukucha.
Wewe, ambaye hukuwahi kufunga zawadi
isifanane na samaki aliyefungwa bandeji.
Na kwenye gundi, chembe ya tangawizi imenasa.

Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua.
Wewe kimekuumbua biskuti.

Nilicheka hadi nikalishika sinki.
Kisha nikakutukana, kwa jina lako lote, na la kati.
Miaka sita! Na mimi nakula karoti mbele yako
ili usijione mpweke.

Nikaubandua utepe. Betri mpya, koo jipya:
"Simama, rubani! Mgao wa leo umekwisha!"
Jikoni kote. Hadi kwenye ndoano ya koti lako.
Nikasimama. Nilifanya alivyosema.

"Anaongea!" Tobin alipiga kelele ndani ya simu. "Mama, nimemsikia! Mia nne!"
Nikamwambia ana ufa.
Mkubwa? Mkubwa, nikasema, kutoka sikio hadi sikio,
pole sana, mwanangu, safari njema.

Halafu nikaurudisha utepe mahali pake,
nikaukandamiza kwa ukucha, kama wewe,
nikatoa biskuti moja iliyobaki chini, ngumu kama kigae,
nikaila yote nimesimama,
na Torvo hakusema neno.